Dodoso Namba Ishirini na Tisa

Direkta alikuwa ameshanijazia:
madarasa mawili, watoto arobaini na mmoja.
"Wote wamekubali," akasema, akinisukumia rundo.
Mkono mmoja, wino uleule wa bluu,
na vema zote zimelalia upande mmoja
kama nyasi zilizolazwa na mvua.

Nikamshukuru. Nilikuwa na siku tatu tu.

Chumba nilichopewa ni stoo ya chaki,
mbao zilizosimikwa juu ya jiwe la volkano;
meza haikukubali kusimama sawa.
Nikaikunja barua ya chuo kikuu, muhuri na sahihi zake,
nikaiweka chini ya mguu mfupi.

Wakaja mmoja mmoja. Wakajibu upesi,
kama wanaoimba jedwali la saba.
Unapenda shule? Ndiyo.
Umewahi kupigwa? Hapana,
hata yule aliyeketi kwa upande mmoja wa kiti.

Kisha Kahindo, miaka kumi,
viatu mkononi, maana mawe ya Majengo hula soli.
Nikamsomea ile aya: una haki ya kukataa.
Akanitazama.

"Nikikataa, direkta atajua?"
"Hatajua."
"Hawatanifukuzia minervali?"
"Hapana," nikasema, na sauti yangu
ikachechemea kuliko meza.

"Basi nakataa."

Hakutoka. Akaketi.
Nje chukudu ikapita na magunia ya makaa,
ikigonga kila jiwe la njia.
Akageuza fomu, akaazima kalamu,
akachora, ulimi nje, bila haraka.
Sikuuliza ni nini.
Nimesomea kuuliza, miaka sita nimelipiwa kuuliza,
na pale nilikaa na mikono yangu
kama mgeni asiyejua pa kuiweka.

Rimu ya gari ikapigwa: mapumziko.
"Hii ni yangu," akasema.
Akaikunja ndogo, akaitia kiatuni,
akakivaa kiatu, akaenda.

Usiku, Himbi, umeme umekatika.
Naingiza majibu kabla betri haijafa:
ndiyo, ndiyo, hapana, arobaini,
safi kama sahani ambayo haijawahi kulia chakula.
Mstari wa ishirini na tisa uko wazi.
Profesa atasema: uondoe, unaharibu wastani.

Ninaurudia ule uwazi.
Kati ya yote niliyoyabeba kutoka shule ile
ndilo jibu pekee nililolisikia likitolewa,
na sehemu yake iliyobaki
inatembea Majengo, ndani ya kiatu cha kushoto.