Sheria Ndogo

Umeme ulikatika kabla ya dua ya kufungua kikao.
Tukawasha taa ya betri, wadudu wakahudhuria,
nami Jocelita Daguman, karani wa kata ya Talimbagan,
nikaandika tarehe, nikaandika akidi imetimia,
nikaandika: ajenda ya tatu, vipakiti.

Huku kwetu Samar maisha huuzwa kwa vipakiti.
Shampuu ya kichwa kimoja. Kahawa ya kikombe kimoja.
Siki ya chungu kimoja, sabuni ya shati moja,
vimening'inia dukani kwa mama kama shanga,
peso saba, peso nane, kata uende.
Maskini hanunui chupa. Hununua leo.
Na leo ikiisha, ganda lake halina pa kwenda
ila mtaroni,
na mtaro una njia moja tu.

Diwani Crisanto Abuyen hakuhutubia.
Alileta ndoo, akaimwaga mezani:
tumbo la nguru mmoja, wa sokoni, wa Jumanne.
Katikati ya dagaa waliosagika, utepe wa zambarau
wenye herufi tatu za mwisho za jina la sabuni.
Mama, aliyekaa benchi la wananchi, akainama akazisoma.
"Hiyo ya kwangu," akasema,
kama mtu anayetambua kanga ya marehemu.

Diwani Teofista Cabaltera akasimama:
"Wanaotengeneza wako Manila, wako ng'ambo,
wana mawakili na viyoyozi.
Sisi tunamkamata mwenye duka la mbao nne?"
Nililiandika neno kwa neno.
Mpaka leo sijaona pa kumkosoa.

Abuyen akajibu, mikono bado inanuka samaki:
"Manila siifikii. Mtaro naufikia."

Wanne kwa watatu. Ikapita.
Sheria Ndogo Namba Tisa,
ndogo kwa jina, ndogo kwa karatasi, kurasa mbili,
dhidi ya kitu kidogo kuliko kiganja.

Wa kwanza kutozwa faini alikuwa mama.
Kahawa, vipakiti ishirini na vinne, nyuma ya gunia la mchele.
Peso mia tatu. Stakabadhi niliiandika mimi,
mwandiko ule ule alionifundisha yeye kwa mkaa.
Alilipa kwa sarafu, akazihesabu mara mbili,
hakuniita mwanangu, aliniita karani.
Karatasi akaibandika pale zilipokuwa shanga.

Sasa anauza kwa kupima.
Dumu la siki, dumu la soya, kibaba cha bati,
watoto wanakuja na chupa za ramu za baba zao.
Sisi tunaojua kwamba haba na haba hujaza kibaba
hatukuwa tumeuliza inajaza nini kingine.
Faida imepungua, hafichi. Sisimizi wamezidi.
Siki humwagika. Wengine hupanda pikipiki
wakanunue vipakiti kata ya jirani,
warudi navyo soksini.

Na bahari haijasoma Sheria Namba Tisa.
Baada ya tufani inatuletea mifuko
yenye maandishi tusiyoweza hata kuyatamka,
kandambili za mguu mmoja, vizibo, vizibo, vizibo.
Kifungu cha sita: mipaka ya sheria hii ni mipaka ya kata.
Nilikipiga chapa mwenyewe. Kinaniuma.

Kila Jumatano nahesabu mtaroni, kwenye wavu,
kabla maji hayajakutana na chumvi.
Mwanzoni mia mbili na sita.
Kisha arobaini. Kisha kumi na moja.
Kisha sitini na mbili, palikuwa na harusi.
Wiki hii tisa, nilikuwa nimeshaandika tisa,
mama akaja na tochi, sketi ameipandisha magotini,
akatia mkono kwenye tope hadi kiwiko,
akachomoa kimoja cha zambarau,
akakifuta, akakikunja, akakitia mfukoni.

"Andika nane," akasema.
Nikafuta.