Risiti ya Joto

Wazee walitangulia.
Leo wanakaa mlangoni mwa mabweni ya mgodi, hapa Chiatura,
wamevikwa makoti mawili mawili, wanatabasamu,
na ukimpa mmoja wao kijiko anakigeuzageuza
kama barua ya lugha ya watu wengine.

Makaa yaliisha. Mto ukaganda. Mtambo ukajifunza
kuchoma yale tuyakumbukayo,
na zamu ikatufikia sisi tuliotimiza kumi na saba.

Bei zipo ukutani, kwa chaki:
jina la mwalimu wa kwanza, dakika sita.
Ladha ya mkate wa jibini asubuhi ya sikukuu, nusu saa.
Kifo cha baba, usiku kucha,
maana huzuni huwaka taratibu, kama gogo bichi.
Penzi la kwanza, likiletwa zima, halijamegwa:
siku ishirini na tatu.

Baba nilikwisha kumtoa.
Najua tu kwamba mlangoni kuna ndoano ya koti
ambayo hakuna anayeitumia.

Jumatatu, alfajiri, rejeta ilikohoa pamoja na mama,
mara mbili, kisha ikashika moto.
Mama akavua skafu ya pili. "Nani kalipa?"
"Labda wamekosea chumba," nikasema.
Maskini hahoji kosa linalompasha moto.

Nikaegemeza mgongo. Na joto lile, jamani,
lilinukia komamanga na grisi.

Nikalijua.
Kigari cha waya, Oktoba, kimekwama kati ya magenge mawili,
mimi na Tornike na kuku wa mtu ndani ya kapu.
Hatukuwa na kisu. Akalipasua komamanga kwa ufunguo wa kwao,
likamchuruzika hadi kwenye kiwiko,
akacheka, akanilisha punje moja moja
akihesabu kwa sauti, ili nisitazame chini.
Tulifika mia na kumi na nne.
Hata kumbusu sikumbusu. Nilimng'ata kidole.

Dakika arobaini zile ndizo zilizokuwa zikipita bombani,
zikigongagonga,
zikimkausha mama mapafu.

Nikashuka ngazi mbilimbili hadi kituoni.
Alikuwa anapaka grisi kwenye roda.
"Tiketi," akasema,
macho yakinipita kama ya mtu asomaye saa iliyo nyuma yangu.
Kwenye mkono wa shati lake, doa. Aliniona nikilitazama.
"Halitoki," akasema, akiona haya kidogo.
"Nimelifua kwa chumvi, kwa majivu. Sijui hata limetokea wapi."

Najua mimi. Ulimi ulikuwa tayari.
Lakini kumsimulia mtu penzi lake
ni kumwonyesha mwenye njaa picha ya sahani.

Karani wa Wizara alinipata foleni ya mkate:
"Nawe unayo nakala, sivyo? Jozi hulipwa mara tatu.
Majira yote ya baridi, binti. Mfikirie mama yako."
Nilimfikiria. Hata sasa, ninapoandika, anakohoa.
Sikusaini.

Siku ya ishirini na tatu nilikaa sakafuni, kiganja kwenye chuma,
nikaisikia Oktoba ikipoa:
kuku kwanza, kisha kicheko, kisha zile hesabu,
mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu.
Mama akaifuata skafu yake bila neno.

Chini ya ile ndoano kulikuwa na buti kubwa
za mtu nisiyemjua. Nikaziuza.
Nikanunua blanketi moja na komamanga moja.

Zamu ilikuwa yake. Kigari kikaondoka, kikayumba,
mimi na yeye tu, safari hii hapana kuku.
"Hilo utalilaje bila kisu?" akauliza.

Chini yetu barafu ya mto ilikuwa imeanza kulia.
Sikutazama.
"Wewe," nikasema, "una ufunguo?"