Mikroni Tisini

Jua la Februari hapa Uusikaupunki halipandi,
linatambaa ukutani kama mpelelezi.
Saa tano asubuhi nilipoinua lango la gereji
liliingia bila hodi, likalala juu ya boneti nyeusi,
ndipo nikauona: utando wa buibui elfu,
duara ndani ya duara,
na kila niliposogeza kichwa ukanifuata.

"Ni zile brashi za kituo cha mafuta," nikasema,
kwa sauti ya daktari asiyetaka kutisha.
Raili akacheka kwa pua.
"Si brashi. Ni Eino.
Sponji moja, ndoo moja,
kila Jumamosi, miaka kumi na tisa,
akizungusha mkono kama anakoroga uji.
Nilimwambia mpaka nikachoka, osha kwa mstari!
Lakini la mke lilisikiwa wapi?"

Nilidhani anataka kuliuza, kizuri chajiuza.
Akatikisa kichwa.

Alifanya kazi kiwandani, ng'ambo ya reli,
miaka thelathini na mmoja chumba cha rangi,
kofia, barakoa, soksi juu ya viatu,
kwani unywele mmoja uliharibu mlango mzima.
Alivua glavu, akalisoma bati lile
kama kipofu asomavyo ukurasa.
"Mia na kumi hapa." Nikaweka kipimo.
Mia na nane.
"Ukingoni hapa, angalia sana."
Tisini.

Nikabandika tepu kwenye mipira na kwenye taa.
Matone manne ya dawa juu ya sponji,
nikayapaka kwanza mashine ikiwa kimya,
kisha nikaiwasha, ikanguruma hadi kwenye magego.
Mkono haukandamizi, uzito wake watosha.
Nenda, rudi, njia juu ya nusu ya njia,
kushoto kulia, kisha juu chini,
mwendo wa konokono, ila usisimame:
ukisimama moto unakula rangi,
na rangi iliyoliwa hairudi kwa kuombwa radhi.

Nikafuta.
Kipande cha ukubwa wa gazeti kimekuwa kisima.
Taa za dari zimezama humo zimenyooka,
na uso wa Raili, na kola ya koti
aliyoikunja vibaya asubuhi bila mtu wa kumwambia.

Nitasema jambo wateja wasilolipenda.
Mkwaruzo haufutwi. Mkwaruzo ni shimo,
na shimo huliokoti ukalitupa.
Unachokwangua ni kile kizima kilichouzunguka,
mpaka kilima kishuke kilingane na bonde.
Kila mng'aro ni upungufu.
Hilo Taisto alinifunza kwa matusi
siku niliyotoboa ukingo wa teksi ya watu,
weupe wa praima ukanitazama kama mfupa.

Raili alilijua kabla sijafungua kinywa.
"Umetoa ngapi?"
"Tatu."
Akahesabu, midomo ikicheza.
"Hizo ni Jumamosi ngapi?"
Kipimo cha hilo sina.

Nikazima mashine. Nikasema, tunaweza kuishia hapa,
nikulipishe boneti tu.
Alikaa kimya muda wa kahawa kupoa.
"Endelea," akasema. "Hiki ndicho alichokuwa akikitafuta,
masikini, na sponji lake lile."

Nikaendelea mpaka taa za barabarani zikawaka,
na hapa huwaka mapema.
Ukingo wa tisini niliuacha na utando wake.
Si kwa huruma. Usinielewe vibaya.
Pale palikuwa pamebaki kidogo mno, basi.

Nikampa maelezo kama tunavyowapa wote:
ndoo mbili, glavu ya sufi,
mstari mmoja, kutoka juu kwenda chini.
Akaitikia kama mwanafunzi, yeye aliyeyajua
wakati mimi bado nanyonya.

Nje walikuwa wameshamwaga chumvi.
Kabla hajafika kona, tope la theluji
likaurukia mlango wangu mpya.
Kutoka dirishani akainua mkono kuniaga.
Hakuupunga.
Aliuzungusha.