Nyuzi Kumi na Tano

Chumba namba nne, Temeke. Umeme umerudi sasa hivi
na feni inajikumbusha kazi yake.
Bi Siwema Pazi ameletwa na bajaji kutoka Kizuiani,
amekaa upande njia nzima,
mguu wa kulia umekunjwa
kama mkasi ulioshika kutu.

Ukutani karatasi ya maelekezo, kona moja imebanduka:
*Mgonjwa alale chali. Miguu inyooshwe.
Unyayo uzungushwe ndani, nyuzi kumi na tano.*

"Nyuzi?" akauliza Bi Siwema, Nasma alipoisoma kwa sauti.
"Mwanangu, nimeshona Kariakoo miaka arobaini,
cherehani ya kukanyaga, na nyonga hii ndiyo iliyolipa.
Kumi na tano za rangi gani?"

Nasma ana wiki ya pili ya mazoezi.
Alicheka, kisha akalishika goti
alishushe, taratibu, kama alivyofundishwa.
Goti likakataa.
Bi Siwema hakusema kitu.
Aliuma pindo la kanga.

Achia, nikamwambia.
Mashine ina magurudumu. Nyonga yake haina.

Basi tukaanza upya.
Meza tukaishusha mpaka mwisho wake,
na mwisho wake ulikuwa bado mlima,
tukaachana nayo; abaki kwenye machela.
Watu wanne, pembe nne za shuka, moja, mbili,
tatu akaihesabu mwenyewe.
Chini ya goti sponji. Haikutosha.
Kanyika wa getini akatoa mchele wake, kilo mbili,
mfuko haujafunguliwa.
Bomba la mionzi nikaliinamisha, nikaliinamisha tena,
lifuate paja lilivyo,
na kaseti nayo ikae mshazari, imwige.

Mjukuu akavikwa vazi la risasi, amshike bega.
"Risasi tena?"
Hii ya kukinga, bibi. Sasa nakupiga.
"Nipige. Ila usinivunje."

Vuta pumzi. Izuie.
Mlio mdogo,
kama uzi unaokatwa kwa meno.

Picha ikaja kwenye kioo, imeinama,
si ya kutundikwa chuoni.
Mkuu wa zamu atauliza mbona imepinda.
Lakini pale pengo lilipopaswa kuwa, pengo halipo,
mfupa umelala juu ya mfupa,
na daktari hahitaji zaidi ya hapo
kujua anaanzia wapi.
Pembeni kabisa, weupe hafifu:
punje za mchele, mojamoja,
kama mshono wa kushikiza tu.

"Niandike nyuzi ngapi?" Nasma, kalamu mkononi,
kwenye kisanduku cha mkao wa mgonjwa.
Bi Siwema alikuwa anatafuta kandambili yake kwa macho.
Andika: *kama alivyokuja*.

Mchele tulimrudishia Kanyika.
Aliupima kwa kiganja, akaurudisha chini ya kiti.