Rangi Haisengenyi

Otaru. Theluji ilikuwa imepanda hadi kizingiti cha dirisha
nilipobisha chumba namba kumi na moja
na sanduku langu la vioo vidogo na kulabu.
Mzee Kihachi aliponiona alifunga mdomo
kama chaza.
Alhamisi ya tatu hiyo.

Wauguzi walikuwa wamenionya: uji anakula, chai anakunywa,
na redio anazozana nayo, ila mswaki
hautaki tangu Tomie azikwe.
Mkewe ndiye aliyemkamulia dawa kila usiku,
tone moja, kama punje ya dengu,
akauacha mswaki umelala ukingoni mwa beseni.
Miaka hamsini na minne.
Hakuna aliyejua kwamba ile ilikuwa barua.

Sikuja na mahubiri. Meno yalibaki kumi na mawili,
niliyahesabu alipopiga chafya.
Nilimwambia tu: Mzee, ukoga hauna haraka.
Asubuhi ni utando, ulimi unateleza juu yake.
Ukiuachia siku kadhaa unaanza kujenga,
unakoroga chokaa ya mate, unakuwa ugaga,
na hapo mswaki ni ufagio juu ya mwamba,
tunaitwa sisi wenye vyuma.
Na vijidudu vyake havikai kinywani tu.
Usiku mtu akipaliwa na mate yake mwenyewe
huteremka nayo mpaka mapafuni.

Kimya. Bomba la joto likagonga ukutani mara mbili.

Juu ya kabati palikuwa na boya la kioo,
kijani, kubwa kama kichwa cha mtoto,
la aina iliyofungwa kwenye nyavu enzi zile.
Alilipuliza mwenyewe, kwa mashavu yaleyale
yaliyokuwa yakininyima njia.
Nikalishika. Vumbi. Nikauliza, kwa hila kidogo:
"Haya mlikuwa mkiyang'arishaje?"

Mdomo ukafunguka.
"Kwa duara ndogondogo. Si kuparuza kama sufuria!
Anzia shingoni, pale panapokutana na mwili.
Uchafu hupenda kona."

"Basi tafuna hiki," nikasema,
nikampa kidonge cha rangi, kisha kioo.

Wekundu ulijipanga kando ya fizi
kama alama ya tope ukutani mafuriko yakishapita,
na kati ya magego ukawa mzito, karibu zambarau.
Alijitazama kitambo. Si kama mgonjwa;
kama fundi aliyerudishiwa kazi mbovu.
"Nani kaiachia hii itoke karakanani?"

Mkono ulitetemeka. Nilimshika kiwiko, kiganja nikamwachia.
Duara, duara, mswaki umeinama ukinusa ufizi.
Ikatoka damu kidogo. Isikutishe, nikamwambia,
ufizi uliosahauliwa hulia ukikumbukwa;
ukizidi kulia wiki ijayo, niambie.
Nilipopitisha uzi kati ya jino na jino
akasema, ukiwa bado kinywani,
kwamba Tomie alikuwa akikatia mayai ya kuchemsha
kwa uzi kama huo.

Akatema. Beseni likageuka waridi.
Kisha akachukua kidonge kingine,
akakiweka kiganjani mwangu.
"Na wewe, Chizuru?"

Mganga hajigangi. Miaka kumi na tisa
nimeinamia vinywa vya mji huu.
Nikatafuna, nikainua kioo:
nyuma ya meno ya chini, mahali ninapopachungulia
kwa watu wote isipokuwa mimi,
mstari mwekundu, mwembamba, umenyooka kama sahihi.
Rangi haisengenyi. Hukwambia usoni.
Alicheka mpaka akakohoa,
kumi na mawili yote nje.

Tukasugua pamoja, bega kwa bega, bila neno,
povu likitutoka kama watoto wa shule.

Nilipogeuka mlangoni alikuwa ameinama,
ncha ya ulimi nje, anakamua dawa
juu ya mswaki wa usiku.
Tone likaanguka sakafuni.
Akalitukana, akakamua jingine.