Mkanda wa Saba

Deki hii tuliinunua kwa Taibali, Barabara ya Nane,
kabla hajafunga duka akahamia kwa mwanawe.
Inarekodi, alisema, siyo kucheza tu,
akaigonga mgongoni kwa kucha
kama mtu anayechagua nazi.

Waya tatu: nyekundu, nyeupe, njano.
Ya njano ndiyo picha. Mara ya kwanza nilikosea tundu,
tukapata harusi ya Mwantumu bila Mwantumu,
vigelegele gizani, saa nzima.

Marehemu baba alikuwa karani wa bandari.
Kwa kiinua mgongo wenzake walijenga mabanda ya uani,
yeye akanunua kamera.
Mama hakusema naye siku tatu.
Siku ya nne akamrekodi akichambua mchicha;
mkanda huo upo, ni wa pili,
unauona mkono wa mama ukija, ukija,
mpaka umeziba lenzi.

Mikanda kumi na mmoja, kila mmoja na plasta ya hospitali,
na mwandiko wa kikarani, herufi zimesimama foleni:
Maulidi, Msambweni.
Mpira, Mkwakwani (kipindi cha pili tu).
Mvua kubwa, Makorora.
Nyumbani. USIFUTE.

Kaka Mbaruku yuko Mwanza. Ninakilie, alisema, unitumie kwa basi.
Nikadhani ni kazi ya alasiri moja.
Kumbe deki haina haraka na mtu:
mkanda wa saa moja hunakiliwa kwa saa moja.
Dakika aliyoipoteza baba akitafuta kifuniko cha lenzi
sharti nawe uipoteze, umekaa,
unatazama sakafu ikipita, kandambili zake, sakafu.

Wa saba niliuweka Jumapili, Luku imebaki yuniti nne.
Mama mkekani, ungo mapajani, anachagua mchele.
Hatazami. Macho yake, anasema, hayawezi tena vitu vinavyometameta.
Kwenye kioo ni sisi, wadogo, tunagombania kashata,
na televisheni ya zamani, taarifa ya habari,
baba anairekodi kwa kamera
maana enzi hizo nani alikuwa na waya?
Milia myeusi inaupanda uso wa msomaji,
na nyuma ya msomaji, ndani ya kioo cha ndani ya kioo,
kivuli cha mtu mwenye jicho moja kubwa begani.
Ndiye.
Mikanda yote hiyo, na yeye yumo hapo tu.

Halafu akakohoa.
Si kikohozi cha kutisha; kile chake cha vumbi la majalada,
viwili vifupi, kimoja kirefu.
Na mama, bila kuinua uso kwenye ungo:
"Hebu mpe maji."

Nikainuka.
Haki ya Mungu niliinuka,
nikafika mtungini, kikombe kikajaa,
ndipo miguu ikaniuliza tunampelekea nani.
Nyuma yangu deki inahesabu tu,
thelathini na tisa, arobaini.

Maji yale niliyanywa mimi.
Mama aliendelea na mchele, ila polepole,
akizirudia chembe alizokwisha kuzipitisha.

Usiku deki ikaandika kwa rangi ya buluu:
zimebaki dakika kumi na nane; je, niifunge diski?
Ikifungwa itacheza popote, Mwanza, Maskati, kwa jirani,
lakini haitapokea kitu tena.
Isipofungwa, itachezwa na hii deki peke yake, hapa,
chini ya kitambaa cha mama cha kufuma.
Nikamsomea.

"Haitapokea hata kidogo?"
Hata kidogo.
"Hata mtu akija baadaye, akiwa na neno?"
Hata hivyo, mama.

Akavuta kanga, akazima taa ya ukumbini.
"Basi iache wazi."
Na Mbaruku?
"Mbaruku ana nauli."