Wewe ni Nani Kwake?

Walikuwa watoto kumi na wanane juu ya barafu ya bwawa la Gillis.
Sikuwahesabu mimi. Idadi niliisikia mahakamani,
miezi kumi na minne baadaye,
nimevaa koti nililomzikia mama,
kwa kuwa sina jingine la heshima.

Mbwa ndiye aliyesikia kwanza.
Barafu haivunjiki kwa kishindo, wasikudanganye;
hukohoa tu,
kama mzee anayetaka kukatiza mazungumzo.
Kofia nyekundu ilikuwa pale, kisha haikuwapo.
Nilisimama ukingoni, mkate kwapani,
ukanda wa mbwa mkononi, mita mbili za ngozi,
na miguu yangu ikawa mali ya mtu mwingine.

"Uliona?" wakili aliniuliza.
Niliona.
"Ukafanya nini?"
Nikatazama.
Jaji alimzuia kwa kidole, sauti hakuipandisha:
"Bibi huyu hadaiwi kitu.
Sheria haiulizi nani aliona.
Inauliza: wewe ni nani kwake?"

Nami sikuwa mtu kwake.
Si mama wala mwalimu, wala mwenye bwawa,
wala askari jela aliyemfungia mtu akashika funguo.
Mpita njia ni mpita njia,
hata maji yakimfika mwenzake puani.
Likaandikwa, likagongwa muhuri,
nikarudishiwa nauli ya basi.

Mwalimu Lauchlin, yeye, alikuwa mtu kwake.
Asubuhi ile mama Doucette alimkabidhi Rémi mlangoni,
akamfunga skafu mara mbili,
akaenda kiwandani kwenye samaki wake bila kugeuka nyuma.
Hapo ndipo mzigo ulipohama, alisema jaji:
katika kule kutogeuka.

Lauchlin alikuwa garini akimimina kahawa. Dakika nne.
Barafu alikuwa ameipima mahali pamoja tu,
ukingoni, ambako siku zote ni nene.
Ni yeye aliyelala kifudifudi
akamvuta mtoto kwa skafu ileile.
Jaji alilitaja hilo kwa upole,
akanywa maji,
kisha akasoma kiasi cha fidia.

Rémi yu hai. Mkono wa kushoto haukurudi wote.
Hununua kwangu mkate wa zabibu,
hupanga sarafu kaunta kwa ule wa kulia,
huniita bibi wa mbwa.
Hanidai.
Kuna usiku natamani angenidai.

Januari nilikwenda kwa wakili Chiasson,
nikamwambia nataka kukaa ukingoni kila Ijumaa
na filimbi, na kamba ya kweli.
Akavua miwani. "Usianze, Effie.
Leo huna wajibu. Ukianza, wazazi watalegea,
wataacha kutazama kwa kuwa wewe unatazama.
Na Ijumaa utakayolala na homa bila kumwambia mtu,
hiyo ndiyo watakayokushtaki.
Hakuna anayekulazimisha kunyoosha mkono.
Lakini ukishaunyoosha,
huwezi kuurudisha mfukoni kizembe."
Nilimshukuru. Nikalipa dola arobaini.

Filimbi ina ladha ya chuma na baridi.
Kamba ni mita ishirini; nimeifunga kwenye mti wa msonobari
nikaivuta kwa uzito wangu wote, na wangu si haba.
Dukani, juu ya bei za mikate, nimebandika karatasi:
Nikiumwa, taa hii itakuwa imezimwa.
Taa ikizimwa, msiwalete.

Sasa hivi mama mmoja amesimamisha gari barabarani.
Ameniona. Amenipungia mkono.
Ameondoka bila kugeuka nyuma,
na nimeusikia, wallahi, ule uzito ukivuka theluji
kutoka kwake hadi kwangu,
ukikaa begani kama paka anayejua nyumba.

Haya.
Kumi na tano, kumi na sita,
wewe wa kofia ya kijani, sogea nikuone,
kumi na saba,

kumi na saba,

kumi na wanane.